Siku tatu Mombasa: mwongozo kamili wa kutembea na kula

Wageni wengi wa Mombasa hupanga safari yao kwa kuorodhesha mahali: Fort Jesus, pwani, Haller Park. Chakula huachwa kijipange chenyewe, popote tumbo litakapouma. Ndiyo maana mtu hujikuta Mji wa Kale saa sita na nusu, jua liko utosini, mahamri yalikwisha tangu asubuhi, makaa ya mishikaki hayajawashwa, naye anaishia kula chipsi. Chakula cha Mombasa ni kizuri mno kupotezwa namna hiyo. Kila kimoja kina saa yake, na ukikikosa saa hiyo unakisubiri mpaka kesho.

Kwa hiyo panga kinyume. Weka saa za kula kwanza, kisha matembezi yajaze nafasi zilizo katikati. Saa za chakula cha Mvita, yaani Mombasa kwa jina lake la kale, zilipangwa na watu wanaolijua jua la kwao: asubuhi na mapema, mchana kivulini, kisha jioni upepo unapoanza kuvuma. Ukizifuata, hata matembezi yenyewe yatakuwa mepesi.

Mpango huu ni wa Ijumaa hadi Jumapili, kwa mtu anayetoka Nairobi au mahali pengine bara. Wanaotoka Tanga na Dar es Salaam nimewagusia pia.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kwa kuangalia pepo

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Bahari hutulia, maji huwa safi, na wavuvi wa mashua ndogo hutoka kila siku, kwa hiyo samaki ni wengi na wabichi. Tatizo lake ni joto, hasa Februari na Machi, ambapo hata usiku jasho halikauki. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba: mawimbi makubwa, mwani mwingi ufukweni, na samaki wanapanda bei kwa sababu ngarawa haziendi mbali. Aprili na Mei ndiyo mvua kubwa ya masika, na hapo sikushauri kabisa. Barabara hujaa maji na nusu ya mpango wako itabaki hotelini.

Ukiniuliza mimi, Januari ndiyo bora kwa mtu anayetaka samaki, na Agosti kwa mtu anayetaka kutembea sana kwa miguu, maana kipupwe huifanya hewa iwe ya kupendeza. Oktoba nayo ni ya kati na kati, haina makosa. Epuka wiki ya mwisho ya Desemba na siku za Pasaka kama hupendi msongamano. Vyumba hupanda bei, tiketi za treni hwisha mapema, na Barabara ya Nyali huwa foleni tupu.

Ramadhani ni habari nyingine. Husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo tazama kalenda kabla ya kulipia chochote. Mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, na si adabu kula ukitembea mtaani. Lakini tangu alasiri meza hutolewa nje ya milango: kaimati, sambusa, vitumbua, mkate wa sinia, tambi za sukari. Baada ya magharibi mji huamka na haulali mpaka usiku wa manane. Ukija Ramadhani, lala mchana na utembee usiku. Utakula vizuri kuliko mwezi mwingine wowote.

Jambo la mwisho la msimu ni mwezi wa angani. Mombasa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huzidi mita 3. Siku hizo maji hupwa asubuhi kwenye saa nne au saa tano, ufuo unakuwa mrefu na unaweza kutembea hadi karibu na miamba, ila kuogelea ni shida. Huhitaji kuwa mvuvi ili kulijua hili. Tafuta jedwali la maji ya Kilindini mtandaoni, uandike saa za Jumapili yako, maana siku hiyo ndiyo ya pwani.

Hatua ya pili: usafiri

Treni ya SGR, Madaraka Express, ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na imebadilisha kabisa safari hii. Kutoka Nairobi zipo tatu kwa siku: ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya njiani kama Mtito Andei na Voi, ya saa tisa alasiri, na ya saa nne usiku. Zote huchukua saa tano na nusu hadi sita hivi. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi shilingi 1,500 mwanzoni mwa 2024, na daraja la kwanza shilingi 4,500. Unakata tiketi mtandaoni au kwa kupiga *639# na kulipa kwa M-Pesa. Tumia namba ya kitambulisho kile kile utakachobeba, kwa sababu hukaguliwa.

Kwa safari hii chukua ya asubuhi. Utapita Tsavo mchana, na upande wowote utakaokaa kuna nafasi ya kuwaona ndovu waliopakwa rangi na udongo mwekundu wa kule. Fika kituoni Syokimau saa nzima kabla, kwa kuwa ukaguzi wa mizigo ni mrefu. Beba chakula chako cha njiani.

Treni haifiki mjini. Inakushusha Miritini, bara, na kutoka hapo hadi kisiwani kuna matatu na teksi nyingi. Foleni ya Changamwe inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo usijiwekee miadi yoyote saa moja baada ya kushuka. Ukishuka na kundi la watu watatu au wanne, teksi moja ya kuchangia ni nafuu na haina taabu ya mizigo.

Basi la usiku ni rahisi kwa anayeamua ghafla, na mabasi mengi hukushusha Mwembe Tayari, katikati ya mji. Hesabu saa nane hadi kumi kutegemea malori ya barabarani.

Wa Tanga na Dar es Salaam hupitia mpaka wa Horohoro na Lungalunga kwa basi, kisha huingia kisiwani kwa feri ya Likoni. Beba pasi au hati ya dharura ya kusafiria pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani huweza kuulizwa mpakani. Jambo moja wageni wa Tanzania husahau: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, kwa hiyo hamishia vitu kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa kabla ya kuvuka.

Hatua ya tatu: lala kisiwani

Hapa ndipo nina msimamo. Hoteli nyingi za watalii ziko Nyali, Bamburi na Shanzu, zote bara ya kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali. Ni nzuri kwa anayekuja kukaa ufukweni wiki nzima. Kwa siku tatu za kula na kutazama mji, zitakuchosha: kila asubuhi utavuka daraja na foleni, utafika Mji wa Kale watu wameshamaliza staftahi. Tafuta chumba kisiwani, Kizingo, Ganjoni au karibu na Mji wa Kale wenyewe. Kizingo ni tulivu, ina miti, na unaweza kwenda Mama Ngina kwa miguu. Mji wa Kale una nyumba za wageni zenye roshani za mbao na ngazi za mwinuko mkali. Waulize kabla kama chumba kina feni inayofanya kazi na maji ya kudumu, kwa sababu maji ya bomba Mombasa hukatika. Swali la maji usione haya kuliuliza. Wenyeji wote wanalielewa.

Kwa usafiri wa ndani tuktuk inatosha. Patana bei kabla ya kukaa. Huchukua abiria watatu nyuma, na ndani ya kisiwa safari ni fupi. Kwenda Bamburi panda matatu za Mtwapa. Ndani ya Mji wa Kale tembea kwa miguu tu.

Pesa, mavazi na salamu

M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, hata kwa muuza madafu, lakini beba noti za 50 na 100 na sarafu. Muuza viazi karai mwenye foleni ya watu kumi hana chenji ya elfu. Jioni moja ya vitafunio vya Mama Ngina, shilingi 500 kwa mtu mmoja hutosha bila kujinyima. Mahali pa serikali kama Fort Jesus, jiandae kulipa kwa simu.

Vaa nguo za pamba, nyepesi, zinazofunika mabega na magoti unapokuwa Mji wa Kale. Mwanamke akiwa na leso moja kwenye mkoba amejitosheleza: atajitanda mtaani, ataitandika ufukweni, atajifunika kwenye treni yenye baridi. Viatu viwe vya kuvulika haraka.

Na salamu. Mombasa mtu hakimbilii bei. "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, karibu," ndipo unasema unataka nini. Mzee wa makamo mwite ami. Ukianza hivyo utaonyeshwa mambo ambayo hayamo katika ramani yoyote, na mara nyingi utaongezewa mbaazi.

Ijumaa: fika, pumzika, nenda Mama Ngina

Treni ya asubuhi inakufikisha Miritini kwenye saa nane mchana. Usijaribu kuingia makumbusho siku hii. Oga, kula kitu chepesi, lala saa moja. Kumbuka pia kwamba Ijumaa maduka mengi hufungwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane kwa ajili ya swala, kwa hiyo huna hasara yoyote.

Saa kumi na nusu shuka bustani ya Mama Ngina, ukingoni mwa lango la Kilindini. Bustani ilikarabatiwa na sherehe za Mashujaa za 2019 zikafanyika hapo. Ina mibuyu mikubwa ya zamani, na mbele yako meli za makontena hupita karibu mno, unaziona hadi majina yake. Kaa ukutani usubiri moja iingie. Watoto wa Mombasa wamekua wakifanya hivyo na bado hawajachoka.

Chakula cha hapa ni cha mkononi. Anza na dafu, na mwambie muuzaji unataka lenye nyama laini ili akukwangulie baada ya kunywa. Kisha muhogo: wa kuchoma au wa kukaanga, unapasuliwa katikati, unapakwa pilipili ya unga yenye chumvi na kukamuliwa ndimu. Kachiri za muhogo hukaangwa mbele yako kwenye karai kubwa. Chukua zilizotoka mafutani sasa hivi, si zilizokwisha fungwa. Halafu viazi karai, ambavyo kwangu ndivyo kipimo cha jioni: kiazi kilichochemshwa, kikavikwa unga wa rangi ya manjano, kikakaangwa, kisha kikapasuliwa na kumwagiwa ukwaju. Ukwaju ndio wenye siri. Ukiwa mzito, mchachu na wenye pilipili ya kutosha, umepata muuzaji wako na usihame. Ukiwa majimaji, maliza ulichonunua ujaribu meza inayofuata.

Usishibe kabisa. Karibu na saa mbili usiku rudi mjini ukale mkate wa mayai, ule wa unga mwembamba uliokunjwa juu ya nyama ya kusaga na yai, na ufunge kwa glasi ya faluda baridi. Lala mapema.

Jumamosi: siku ya mji

Amka saa kumi na mbili. Sababu ni mahamri.

Hamri jema limeumuka vizuri, ndani liwazi, limenukia iliki na tui, na halikufyonza mafuta. Likifika mezani limepoa halina raha tena. Linaliwa na mbaazi za nazi: mbaazi zilizochemshwa hadi zikalainika, zikapikwa kwa tui jepesi, kisha zikatiwa tui zito mwishoni. Chai ya maziwa pembeni, au ya rangi yenye tangawizi. Tafuta mkahawa mdogo wa Mji wa Kale au upande wa Makadara wenye wanaume waliovaa kofia wakila kimya kabla ya kwenda kazini. Sheria yangu ni moja: kama karai liko mlangoni na mahamri yanatoka humo moja kwa moja hadi sahani, kaa. Kufikia saa tatu au nne mengi yamekwisha.

Saa mbili ukiwa umeshiba uko lango la Fort Jesus, na ngome inafunguliwa. Ingia saa hiyo hiyo. Kuta ni za matumbawe na hakuna kivuli cha maana juu yake, kwa hiyo saa mbili za mwanzo ndizo za raha.

Wareno waliijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira mwezi Machi 1696 na hawakuitwaa mpaka Desemba 1698, na wengi waliokuwa ndani hawakuuawa na risasi bali na maradhi na njaa. Waingereza waliifanya gereza kutoka 1895 hadi 1958. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Kwa hiyo unapotembea, usitafute ngome moja, tafuta tabaka: michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno, nyumba ya Waomani yenye vyombo na mapambo ya wenyeji, na upande wa makumbusho, vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697, wakati ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Panda ngome upande wa bahari utazame chini. Utaelewa mara moja kwa nini aliyeishika ngome hii aliishika bandari yote.

Waongoza wageni wapo langoni. Akitaka kukuongoza, muombe kitambulisho cha kazi na mpatane ujira kabla hamjaanza. Mzuri anastahili kulipwa vizuri.

Ukitoka, ingia Barabara ya Mbarak Hinawy inayoanzia karibu na ngome na kushuka kuelekea Bandari ya Kale. Njiani utauona msikiti wa Mandhry, uliojengwa karibu 1570 na bado unaswaliwa, wenye mnara mweupe mnene unaochongoka juu. Kama huendi kuswali, utazame kwa nje. Geuka kuingia Ndia Kuu, tazama milango ya kuchonga na roshani zinazotokeza juu ya barabara, kisha potea kidogo katika vichochoro vya Kibokoni. Ni mitaa ya watu, si maonyesho. Hodi ya macho inatosha: salimu walio barazani, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usimpige mwanamke au mtoto picha bila kuambiwa sawa. Mji huu ndio alioishi na kutunga Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, na ukipenda mashairi, kutembea kwenye vichochoro hivi ni ziara ya aina yake.

Kwenye saa nne na nusu kata kuelekea Barabara ya Digo, hadi Marikiti. Hapa nunua viungo leo, Jumamosi, kwa sababu Jumapili pamepoa na maduka mengi ya Biashara Street yamefungwa. Nunua viungo vizima badala ya vilivyosagwa: iliki ya kijani iliyojaa, mdalasini unaovunjika kwa sauti, karafuu ambayo ukiikandamiza kwa ukucha inatoa mafuta, pilipili manga, bizari nyembamba. Viungo vya unga vya pilau na biriani vimechanganywa tayari, na muuzaji mwaminifu atakuruhusu uvinuse. Kuna achari za embe na ndimu za kupimiwa, na mabuyu mekundu ya sukari ambayo watoto wa nyumbani watakuuliza kabla hata hujafungua mkoba.

Mitaa michache kutoka hapo ni Biashara Street, ya leso na vikoi. Leso huuzwa jozi, haijakatwa. Soma jina lililoandikwa kabla ya kulipa, hasa kama ni zawadi ya mkwe au jirani, kwani jina ndilo ujumbe. Mafundi wa kukata na kupinda wako hapo hapo, wanamaliza ukisubiri.

Saa saba kamili uwe mezani. Ni saa ya biriani. Biriani ya Pwani hutolewa wali peke yake na rojo peke yake juu yake au kando: nyama iliyolainishwa kwa papai bichi au maziwa lala, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, nyanya, viazi. Kachumbari, ndimu, pilipili na ndizi mbivu huja pamoja, na ndizi usiidharau. Wengine watakupendekezea pilau, na pilau ni nzuri, lakini pilau utaipata arusini bara. Rojo hili hutalipata. Kula kwa mkono wa kulia, maji ya kunawa yapo. Kufikia saa nane na nusu sufuria huwa inakwanguliwa.

Baada ya hapo hakuna la kufanya isipokuwa kulala. Ninasema kwa dhati. Kati ya saa nane na saa kumi mji mzima uko ndani, na mgeni anayezunguka saa hizo hapati ila kichwa kuuma.

Baada ya swala ya alasiri toka tena. Tafuta muuza kahawa mwenye dele la shaba juu ya makaa. Kahawa tungu hunywewa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, chungu kweli, yenye tangawizi, pamoja na kipande cha halua au kashata. Kaa barazani na wenyeji. Mazungumzo yataanza yenyewe, kwa kawaida kuhusu mpira au siasa, na ndipo utakapoulizia nani anachoma mishikaki mizuri leo. Jibu la barazani ni bora kuliko orodha yoyote.

Magharibi ikiingia, moshi wa makaa huanza kupanda kuzunguka Makadara na Kibokoni. Kula mishikaki ya ng'ombe na mkate wa mofa au chapati, juisi ya ukwaju au ya miwa iliyosagwa pamoja na ndimu na tangawizi. Migahawa ya Mji wa Kale haiuzi pombe. Simu iwe mfukoni penye watu wengi, na ikifika usiku mwingi rudi kwa tuktuk hata kama ni karibu.

Jumapili: maji ndiyo yanayopanga

Toa lile jedwali la maji. Kama maji yanapwa asubuhi, anza na Haller Park kule Bamburi kisha uende ufukweni mchana maji yakijaa. Kama yanajaa asubuhi, fanya kinyume.

Haller Park ilikuwa mashimo ya kuchimba mawe ya saruji. Mswisi René Haller alianza kupanda miti hapo 1971, na mvinje ndio uliostahimili ardhi ile ya chumvi, ukaandaa udongo kwa miti mingine. Leo ni msitu wenye kivuli, viboko, mamba na kobe wakubwa, na alasiri wageni huruhusiwa kuwalisha twiga. Ndipo pia kiboko Owen, aliyebaki yatima baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe aitwaye Mzee. Wenye watoto wasiache kupita hapa. Asiye na watoto na mwenye nusu siku tu, achague bahari.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu anauita Pirates, uko Bamburi pia. Jumapili hujaa familia, ngamia na muziki. Anayetaka utulivu atembee kuelekea Nyali. Mashua zenye sakafu ya kioo hukupeleka kuona samaki ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986. Zinafaa maji yakiwa yanapwa na bahari imetulia. Ulizia kama bei uliyotajiwa imejumuisha ada ya hifadhi, na usibebe chupa ya plastiki, kwani plastiki ya kutumika mara moja ilipigwa marufuku katika hifadhi zote tangu Juni 2020. Vijana wa ufukweni wanaouza safari na shanga wakataliwe kwa upole na kwa jibu moja lisilobadilika.

Mchana wa leo ni wa samaki wa kupaka. Samaki mzima huchomwa makaani, kisha hupakwa rojo la tui zito lenye kitunguu saumu, pilipili na ukwaju, akarudishwa motoni mpaka rojo likamganda. Uliza ni samaki gani na amevuliwa lini. Changu na tafi ni watamu, kolekole ana nyama nyingi na miiba michache. Ungoje dakika 40 bila kunung'unika. Anayeletwa baada ya dakika kumi alichomwa asubuhi. Mle na wali wa nazi na mchicha. Pweza wa nazi akiwepo, agiza sahani moja ya kugawana.

Kuondoka

Treni ya saa nne usiku inakuachia Jumapili nzima na kukufikisha Nairobi kabla ya alfajiri. Toka kisiwani saa moja na nusu, maana foleni ya Jumapili jioni haitabiriki na lango la Miritini hufungwa kabla ya treni kuondoka. Kisu ulichonunua kama ukumbusho kitachukuliwa kwenye ukaguzi. Achari ifungwe kwenye chombo cha mfuniko wa kuzungusha, uivalishe kitambaa, isimame wima. Viungo viwe mbali na nguo, la sivyo shati la ofisini litanukia karafuu mwezi mzima. Halua haihitaji friji na inadumu siku nyingi, kwa hiyo hiyo nunua mwisho, Jumapili jioni, na uombe ikatwe kutoka sinia iliyopikwa leo.